Kosa la Chini ya Kikapu: kwa Shemeji Anselme

Mpendwa shemeji Anselme,

Sikuzoea kukuandikia. Miaka yote tuliyokuwa waamuzi wawili wa uwanja mmoja hapa Goma tulisemezana kwa vidole na kwa macho, na yaliyobaki tukayamaliza njiani tukirudi nyumbani kwa miguu, jasho likikauka mgongoni. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako na wewe hutaisoma. Naiacha wazi, atakaye aisome, kwa kuwa nililokutenda nililitenda mbele ya watu.

Tangu uondoke nyumba yangu imekuwa kubwa. Mke wangu alitangulia, hilo unalijua. Watoto wako Kinshasa, wananipigia siku ya Mungu baada ya misa, tunaulizana habari za mvua, basi. Nina viti sita na ninakalia kimoja. Nimeshazoea. Nisichozoea ni kukosa mtu wa kumuuliza, "Ile ya dakika ya mwisho, wewe uliionaje?" Wachezaji wana mashabiki wao na makocha wana wachezaji wao. Mwamuzi ana mwamuzi mwenzake tu, na mimi wangu nilimtupa mwenyewe.

Nakukumbuka kwanza kama mchezaji, kabla hujamjua dada yangu. Ulitoka Rutshuru ukaja kusoma Goma, na siku ya kwanza nilipokuona ukiruka nilidhani kuna mtu amekubeba. Kisha, katika mchezo usio na maana yoyote, wa kirafiki, kijana mmoja akajisukuma chini yako ukiwa bado juu. Ulianguka ukitanguliza mkono wa kushoto. Mganga wa mifupa aliufunga alivyojua, ukapona ukiwa umepinda kuelekea nje. Hukuruka tena. Ulijifunza kutengeneza redio, ukafungua kiduka mtaa wa Birere, na jioni ukaanza kushika filimbi.

Mimi niliingia kwenye uamuzi kwa mlango mwingine. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, nilikisoma kitabu cha sheria kwa Kifaransa kama katekisimu, na nilijiona ninajua. Ulinisikiliza nikikariri vifungu, ukacheka kidogo, ukanipeleka uwanja wa parokia ukiwa mtupu, baada ya misa. Ukanisimamisha kwenye mstari wa mwisho, chini ya kikapu.

"Usiangalie mupira," ukaniambia.

"Niangalie nini?"

"Miguu ya ule anazuia. Mupira itakudanganya, shemeji. Miguu haidanganye."

Wakati huo hukuwa bado shemeji yangu, lakini ulikuwa umeanza kuniita hivyo, nami nikaelewa mbona dada yangu Furaha hakosi michezo yetu.

Ulinieleza sheria ile kwa mwili wako. Ulisimama, ukanyanyua mguu kama anayetaka kuruka, ukaonyesha sementi iliyokuwa mbele yako. Aliyeruka ana haki ya kushuka. Kama mlinzi amekwisha kufika mahali pale kabla miguu ya mwenzake haijaacha chini, basi mahali ni pake, na mrukaji akimwangukia kosa ni la mrukaji. Lakini mlinzi akisogea baada ya hapo, hata nusu hatua, kosa ni lake. Na akijipenyeza chini ya mtu aliye hewani, mwamuzi asimhurumie. Anaweza kumtoa uwanjani moja kwa moja.

"Mutu akiisha kuruka hawezi tena kujisaidia," ulisema. "Hana breki, hana njia ingine. Sisi wawili ndio tunamulindia pale chini."

Nilikuwa nautazama mkono wako.

Siku ya ndoa yenu ulichelewa kanisani kwa sababu ya mchezo ulioongezewa muda. Ulipoinama kutia sahihi, filimbi ikachungulia chini ya tai, padri akainyamazia, mama yangu hakuinyamazia. "Furaha, umeolewa na polisi," akasema, kila mtu akasikia. Tangu siku ile alikupenda kuliko alivyotupenda sisi wanawe.

Tukawa wawili. Watu wa Goma walituita "Ndiyo na Hapana", kwa kuwa wewe ulisema kidogo na mimi nilieleza sana. Mmoja chini ya kikapu, mwingine nyuma karibu na katikati, mpira ukigeuka tunabadilishana. Ulinifundisha kuamini kwamba pale nisipoona, wewe unaona. Sijui kama kuna urafiki mwingine wa namna ile.

Sasa niseme kuhusu siku ile.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Walikuwa na ofisi zao, mihuri yao, kasho zao za kufungia watu, na komanda mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa na timu yake ya basketi. Mdogo wake alicheza humo. Timu zingine zilikuwa zimejifunza kushindwa nayo kwa adabu. Timu ya vijana wa parokia peke yake haikujifunza, kwa sababu ya Patient. Unamkumbuka, miaka kumi na saba, mrefu, mpole, mama yake akiuza makaa karibu na soko. Ulikuwa ukiniambia anaruka kama wewe, ila yeye anacheka akiwa juu.

Uwanja ulijaa. Komanda aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya wanaoandika, askari wawili nyuma yake. Zilibaki dakika chache na vijana wa parokia walikuwa nyuma kwa alama moja. Mimi nilikuwa chini ya kikapu, wewe nyuma. Patient akapokea mpira upande wa kulia, akapiga hatua mbili, akaruka.

Niliiona miguu yake ikiacha sementi. Mdogo wa komanda wakati huo alikuwa bado pembeni. Halafu akasogea. Hatua moja, kisha ya pili, akainama na kuingiza bega chini ya mapaja ya kijana. Nilikuwa mita mbili. Sikuwa na jua usoni, hakuna aliyenizibia. Sijawahi katika maisha yangu kuona kosa lililo wazi namna ile.

Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu na pumzi ilikuwa kifuani. Nikageuza macho, nikatazama kwenye kile kiti cha plastiki.

Filimbi iliyolia ilikuwa yako, kutoka mbali. Patient alikuwa amekwisha kuanguka kwa nyonga, na sauti ya mfupa ule kwenye sementi ningali naisikia mtu akiangusha kuni mlangoni. Ulikuja mbio, ukahakikisha kijana anapumua, ukawaita wenye machela, kisha ukasimama wima na kuinua ngumi zote mbili juu, mkono wa kushoto ukiwa umepinda. Ni alama ya kumtoa mchezaji moja kwa moja. Umati ulinyamaza kama watu walioona nyoka.

Komanda akaingia uwanjani. Hakukimbia wala hakupaza sauti.

"Weye ulikuwa mbali," akakuambia. "Uliona nini?"

"Niliona mutu anaingia chini ya mutu mwenye iko hewani."

"Na huyu?" Akanielekezea kidole. "Huyu alikuwa pale pale. Mwalimu, sema. Mudogo wangu alikuwa anatembea ama alikuwa amesimama?"

Ukanitazama. Nimeufikiria mtazamo ule miaka mingi, shemeji. Hukunisihi. Ulinitazama tu kama tulivyozoea, kama mtu anayengoja mwenzake aongeze neno lake ili mchezo uendelee.

Nikasema, "Alikuwa amesimama."

Ningeishia hapo labda ningejitetea kwamba bunduki zilikuwa mbili na mimi nilikuwa na watoto. Lakini niliendelea. "Ule mutoto ndiye alimurukia," nikasema. Hilo la pili hakuna aliyeniuliza.

Wakaandika kosa kwa Patient, naye yuko kwenye machela. Askari wakakushika mkono, ule ule mbovu, wakakupeleka. Mchezo ulimalizika. Niliumaliza mimi, peke yangu, filimbi moja kwa uwanja mzima.

Ulikaa kasho siku nne. Furaha alikupelekea ugali na sombe kila siku, akirudi na sahani ambayo hakujua kama ni wewe uliyekula. Siku ya pili alipita kwangu. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni amejifunga kitenge hadi shingoni.

"Kaka, weye ulikuwa karibu. Anselme alikosea?"

"Mambo ilienda mbio, Furaha," nikamjibu. "Kila mutu anaona yake."

Akaitika kwa kichwa, akaenda. Dada yangu mwenyewe, niliyembeba mgongoni kutoka Masisi tulipokuwa watoto. Alinisadiki, au alichagua kunisadiki, na sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

Ulipotoka shingo ilikuwa imevimba na ulitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Wakubwa wa mchezo wetu, kwa woga wao, waliandika kwamba ulionyesha upendeleo na hutashika tena filimbi. Nilikuja kukuona nikiwa nimetayarisha maneno. Ulikuwa umefungua redio ya mtu, unaipuliza vumbi. Ukanionyesha kiti. Tukazungumzia redio ile. Nilipoondoka ulinisindikiza mpaka barabarani, kama kawaida yako. Hukuniuliza kitu, nami niliyachukua maneno yangu nikarudi nayo nyumbani.

Niliendelea kuamua. Hata fainali ya mwaka ule walinipa mimi. Mwenzangu alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, na kila nilipoinua macho kuelekea katikati nilimkuta amesimama mahali pasipo pako. Kila mchezaji aliporuka moyo wangu uliruka naye na kukataa kushuka. Nilianza kupiga filimbi kwa makosa yasiyokuwepo. Watu walidhani nimekuwa mkali.

Kisha mlima wa moto ukapasuka.

Wewe na mimi hatukuwahi kuisimulia siku ile pamoja, nikusimulie upande wangu. Nilikuwa shuleni na wanafunzi. Ardhi ilikuwa imetikisika tangu alfajiri, tukawatoa nje kwa mistari, na tulipoona moshi umeziba upande wote wa kaskazini tukawaachia kila mmoja akimbilie kwao. Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi, sufuria ingali jikoni, mama hayupo. Mama yangu aliyekuwa hawezi kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Niliita mpaka sauti ikakauka. Mke wangu na watoto walikuwa wameelekea Sake na majirani, lakini mama hakuna aliyemwona. Moto ulikuwa umeingia mjini, unateremka polepole katikati ya nyumba, unaimeza Birere, na watu wakipita na magodoro kichwani waliniambia, "Mwalimu, ondoka."

Nilimtafuta siku mbili. Nikamkuta Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ameketi juu ya mkeka kwenye uwanja wa shule, amefunikwa koti lako. Furaha alikuwa pembeni akichemsha maji. Wewe ulikuwa umelala chali na mkono wako wa kushoto umevimba hadi kiwiko.

"Mukwe wangu alikuja kunichukua," mama akaniambia. "Alinibeba mu mugongo toka kwetu mpaka hapa. Nilimwambia aniache nikufe, akasema nimunyamazie, anahesabu hatua."

Uliacha duka lako likiungua, redio za watu na mashine zako zote, ukapanda hadi kwangu kumtafuta mama yangu. Kwangu mimi. Nilipiga magoti pale kwenye mkeka, na nilikuwa na kila sababu ya kusema. Watu wote walikuwa wakilia siku ile, na langu lingepita bila kushangaza mtu. Ukafumbua macho ukaniuliza, "Batoto wako salama?" Nikakuambia wako salama. Ukafumba tena. Nikanyamaza.

Moto ule ulipopoa ukawa jiwe jeusi, likauzika uwanja wa parokia, na nyumba yenu pia. Mkaamua kurudi kwenu Rutshuru. Mama alifia mikononi mwenu huko miaka miwili baadaye, akikuita mwanangu. Mimi nikabaki Goma. Tulijenga uwanja mwingine juu ya jiwe lile, tukilivunja kwa nyundo, kisha tukamwaga sementi.

Noeli nilikuwa nikija kwenu, unakumbuka. Furaha alipika maharagwe na ndizi, watoto wenu wawili walinikalia magotini. Tulizungumzia yote isipokuwa basketi. Mwaka mmoja tulitembea hadi shule iliyo nyuma ya kwenu, vijana walikuwa wakicheza kwenye kikapu kisicho na wavu. Mmoja akaruka, mwenzake akasogea chini yake, wakaanguka wote wakicheka. Nikauona mkono wako wa kulia ukienda kifuani, mahali filimbi ilipokuwa ikining'inia, kisha ukashuka. Tuliporudi mezani nikajikaza.

"Shemeji," nikasema, "ile siku ya Patient..."

"Kula," ukaniambia. "Chakula inapoa."

Hukusema kwa hasira. Ulinisogezea sahani. Tangu hapo sijui: ulinihurumia, au ulinifungia mlango? Nilikula. Nilijiambia kwamba umesamehe, na kwa kuwa umesamehe hakuna haja ya kusema. Ni njia rahisi, shemeji, mtu anaweza kuifuata miaka mingi.

Vita viliingia na kutoka, mji ukabadilisha watawala, ukarudishwa. Mlima ulipasuka tena tukakimbia tena, safari hii nikiwa mjane na begi moja. Kisha vikaja vita vilivyoikata barabara. Rutshuru ikawa upande mmoja, Goma upande mwingine, na katikati, Kibumba, watu wakawa wanapigana kwenye mashamba ya viazi. Ndipo ugonjwa wako wa sukari ukazidi. Furaha alinieleza kwa simu kwamba umekatwa kidole cha mguu, kisha kwamba huoni vizuri. Mara ya mwisho tuliposema, sauti yako ilikuwa kama ya mtu aliyeko chumba cha pili. Uliniuliza kama Goma mvua imenyesha. Nikasema ndiyo, imenyesha. Ukasema, "Ni vizuri." Simu ikakatika.

Ulipokufa, alfajiri ya siku ya kukuzika nilipanda pikipiki kwenye barabara ya Rutshuru. Tulipita kambi za waliokimbia, mahema mpaka kando ya lami, kisha tukafika kizuizi. Askari alikuwa mtu wa umri wa mwanangu wa mwisho.

"Muzee, rudia. Mbele hakuna njia."

"Nakwenda kumuzika shemeji yangu."

"Nakuelewa," akasema. "Lakini mbele hakuna njia."

Rutshuru iko kilometa sabini tu. Niliketi juu ya jiwe pale kizuizini na Furaha akaishika simu yake juu ya kaburi ili nisikie. Nilisikia padri, nikasikia koleo, nikasikia wamama wakianza wimbo, na kabla ya ubeti wa pili mtandao ukakatika. Nikabaki na simu sikioni. Dereva wa pikipiki alizima injini akaningojea. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba sasa hakuna tena mtu atakayeniambia kula, chakula kinapoa.

Kisha wale wa upande wa Rutshuru wakauchukua mji, na barabara ikafunguka. Minibasi zikaanza kwenda. Ningeweza kuja juma lile lile. Sikuja. Kila nilipofunga begi nilijiuliza nitasimama mbele ya kaburi niseme nini, na nikalifungua.

Badala yake nikaenda Birere kumtafuta Patient. Nilijua mahali alipo, nilikuwa nimepazunguka kwa miaka. Ni fundi cherehani, ana wanafunzi wawili wa kike, na akisimama nyonga yake inamvuta upande mmoja. Aliponiona aliwaambia wasichana wakanunue uzi.

Nilimweleza yote, nimesimama. Hakuacha kukanyaga mashine mpaka nilipomaliza mstari wangu, naye akamaliza wake.

"Muzee, mi nilikuwa juu," akasema. "Mutu mwenye iko juu anaona yote. Nilikuona unaangalia miguu yake. Kisha nikakuona unaangalia komanda. Ni pale niliogopa, mbele ya kuanguka."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Muzee Anselme alisema, na munajua alienda wapi." Akakata uzi kwa meno. "Alikuja kuniona hospitali alipotoka kasho. Mama akamuuliza kama ni kweli mi ndiye nilimurukia mwenzangu. Akamwambia hapana. Mama akasema, lakini ule mwengine alikuwa karibu zaidi. Mama alikufa anaamini ule mwengine, juu alikuwa karibu zaidi."

Nilimwomba msamaha. Aliusikiliza, akaitikia kwa kichwa.

"Kwangu umefika, sawa. Lakini hukusema uwongo kwangu. Ulisemea batu. Kaseme kwa batu."

Kutoka kwake nilimpigia Furaha, kabla moyo haujapoa. Nilimwambia kwamba mlangoni pale, alipouliza kama ulikosea, nilimdanganya. Nilimwambia hukukosea, na kwamba mimi niliona. Akasema, "Usinipigie kwanza," akaizima simu.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mchezo wa vijana kwenye uwanja wetu wa juu ya jiwe. Niliwaomba makocha dakika tano. Nilisimama chini ya kikapu, mahali nilipokuwa siku ile, ingawa si uwanja ule, na nikasema kwa sauti ya darasani. Nilitaja jina lako, jina la Patient na langu. Nilieleza miguu ilikuwa wapi. Nikasema mlinzi alikuwa anatembea, mrukaji alikuwa hewani, mwamuzi Anselme alipiga filimbi kwa haki, na mwamuzi aliyekuwa karibu alisema uwongo na ndiye huyu anayesema nanyi.

Vijana walinitazama kama wanavyotazama wazee. Wengi hawakuwa wamezaliwa. Lakini nyuma ya kikapu alisimama mama mmoja anayeuza karanga, nywele zote nyeupe, akaweka sinia lake chini.

"Mwalimu, sisi wote tuliona," akasema. "Uwanja ulikuwa umejaa. Tuliona na hakuna hata mumoja alifungua kinywa. Tulienda kwetu kula."

Sijui kama alitaka kunipunguzia. Hakunipunguzia. Filimbi ilikuwa yangu, si yao. Lakini nilitambua kwamba kwa miaka ile yote, nikipita kwenye mitaa hii, nilikuwa natembea kati ya watu waliojua, nao wakanisalimia "Bonjour, mwalimu", na mimi nikidhani nimeficha. Patient alikuwa amekuja pia. Alisimama karibu na ukuta, mkono kwenye nyonga, na nilipomaliza aliondoka bila kunisogelea. Mchezo ukaanza. Nilikaa kuutazama mpaka mwisho, na hakuna aliyekaa karibu nami.

Zikapita wiki tano. Simu yangu nililala nayo kifuani kama mgonjwa. Juzi asubuhi, nikiwa nachemsha chai, ikalia, na ilikuwa ni Furaha. Hakunisalimia.

"Uko na nguvu ya kusafiri?"

"Niko nayo. Nikuje kaburini?"

"Kaburi ni yangu," akasema. "Weye utakuja nyumbani. Batoto wake wamekuwa bakubwa, waliambiwa shuleni baba yao alifukuzwa mu basketi juu ya upendeleo, na Anselme hakutaka niwaeleze ingine. Utakaa mbele yao utawaambia, na wao watakuuliza. Kaburi haiulize mutu."

"Na weye, Furaha?"

"Mi sijajua," akasema. "Kuja kwanza."

Minibasi ya kesho inaondoka saa mbili, nimekwisha kuwekewa nafasi karibu na dirisha. Mwanao mkubwa ana umri uliokuwa nao siku ile, na Furaha ananiambia ana tabia yako ya kutazama mtu bila kusema. Naogopa, shemeji, kuliko nilivyomwogopa komanda. Nitajibu kila watakaloniuliza, hata wakiuliza hadi jioni, na wakiniambia nirudi Goma siku hiyo hiyo nitarudi.

Ukae vyema huko ulikopumzika, shemeji. Koti ulilomfunikia mama yangu Gisenyi nilirudi nalo Goma na ningali nalo, nawapelekea wanao.

Mimi kaka ya Furaha,
shemeji yako wa Goma